Kilomita za Huruma

Mchana kutwa Rula alikaa ofisini akichora bomba la maji la mtaa mpya, na mchana kutwa bomba hilo lilimpitia katikati ya nyumba za watu. Alifuta akachora, akafuta tena. Mkuu wake wa kazi alisimama nyuma ya kiti chake akamuuliza kama anaumwa, naye akasema ni kichwa tu. Hakuwa akiumwa kichwa wala nini. Alikuwa anasubiri simu ya mchumba wake, na alikuwa anaomba isilie.

Asubuhi alikuwa amempigia kumtakia heri ya mtihani wa mbio kazini kwake. Alimwambia akawakimbize wale vijana wapya wa zimamoto mpaka wamwombe poo. Mwanaume akacheka, kile kicheko chake cha tangu moto, kinachoishia kwenye kikohozi, akamjibu, "Usiwe na wasiwasi. Nane ninazo miguuni. Si umenipimia mwenyewe?" Rula akaagana naye, akaenda chooni, akajifungia na kulia mpaka mtu akagonga mlango. Maana kama kulikuwa na binadamu mmoja aliyejua kwamba kilomita nane zitamshinda mchumba wake siku ile, ni huyo huyo aliyempimia.

Walikutana kwa ugomvi, hawa wawili. Afande, kama Rula alivyozoea kumwita, alikuwa askari wa zimamoto, na siku moja aliingia katika ofisi ya kampuni ya maji akiwa na ramani yao mkononi na hasira usoni. Alisema nusu ya mabomba ya kuzimia moto yaliyochorwa mle hayapo, na kwamba nyumba ya mtu imeteketea huku wao wanazunguka kutafuta bomba lililoko kwenye karatasi tu. Wengine walimsikiliza huku wakichungulia saa. Rula ndiye aliyebadili viatu, akatoka naye barabarani kukagua bomba moja moja, na kila walipofika alifungua ramani ya mtandaoni kwenye simu, akapima, akasahihisha. Hakukubali neno la mtu mpaka apime. Afande akambandika jina la Rula, na jina likanata.

Mabomba yalipokwisha waligundua hakuna anayetaka kurudi kwao. Basi wakatafuta kisingizio kingine, wakaanza kukimbia pamoja jioni. Rula alikuwa akichora njia kwenye ramani: unabofya ulipo, unabofya kona unayotaka kupita, mstari unajivuta wenyewe kufuata barabara, na pembeni hesabu ya kilomita inapanda. Kila kilomita inapotimia, ramani inachomeka kibendera. Afande hakuyajali mambo hayo. Hata simu alikuwa akiiacha nyumbani, akisema mwanaume anayekimbia na simu anasubiri kuitwa arudi. Kazi yake ilikuwa kukimbia na kusifu. Wakirudi wamelowa jasho walikaa kibarazani kwa mama yake Afande, wakapokezana chupa moja ya maji, na Afande alipokuwa akimpa chupa alikuwa anamwangalia kwa namna iliyomfanya Rula asahau kiu.

Kisha likaungua ghala la rangi. Afande aliingia mara ya kwanza akatoka na mtu mgongoni. Aliingia mara ya pili, akatolewa yeye. Ngozi haikupata kitu cha kutisha, ila mapafu yalikunywa moshi ambao daktari alisema ungewatosha watu watatu. Akiwa kitandani hospitalini, na kifuniko cha hewa usoni, alimwomba Rula akubali kuolewa naye akipona. Dada yake Rula alisema wazi kwamba mtu hachumbiwi na mgonjwa, na kwamba atakuja kuwa muuguzi wa bure. Rula alimwambia dada yake kwamba afadhali auguze huyo kuliko kupikia mwingine aliye mzima. Hawajazungumza vizuri tangu siku hiyo.

Uongo ulianza siku ya kwanza ya mazoezi ya mtihani wa kumrudisha kazini, na ulianza bila kupangwa. Afande alikuwa ametaka kilomita tatu, za kuzunguka shule na kurudi. Hakuifikia hata shule. Alirudi ameshika kuta za watu, midomo imekauka, akaketi kwenye ngazi na kuinamisha kichwa katikati ya magoti. Aliuliza, bila kuinua uso, kama amefika hata moja. Rula akasikia mdomo wake mwenyewe unasema kwamba amekosea kuchora, kwamba amechora ndefu mno, na kwamba kwenda mpaka pale alipogeukia na kurudi ndizo tatu zenyewe. Afande akainua uso. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ghala liungue, na Rula akaona bora aongope maisha yake yote kuliko kulikosa tabasamu lile.

Mama yake Afande alikuwa mlangoni, ameona yote. Baadaye alimfuata Rula jikoni, akamshika kiwiko. "Endelea kukosea hivyo hivyo, mwanangu," alisema.

Akaendelea. Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Ukibofya mbele, kisha ukabofya nyuma ulikotoka, mstari unarudi juu yake wenyewe. Jicho halioni tofauti, barabara ni ile ile, lakini hesabu pembeni inazidi kupanda. Kilomita tatu na nusu zikawa tano. Kilomita tano zikawa nane. Afande alitazama saa yake ya mkononi na kujiona anarudi ujana, kwa kuwa nani asingejiona hivyo akimaliza nane kwa muda ule? Mwanzoni Rula alikusudia kuurefusha ukweli kidogo kidogo mpaka ulingane na mstari. Alikuwa na mpango huo kweli. Lakini daktari alipowaita yeye na mama kwenye korido, akawaambia kwamba mapafu yale hayatavumilia moshi mwingine, hata kidogo, mpango ule Rula hakuugusa tena.

Simu haikulia siku nzima. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa kina Afande.

Mama alikuwa kibarazani anakunja nguo zilizokauka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe yuko ndani tangu mchana na hajagusa chakula. "Ameshindwa," aliongeza. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri baada ya miezi ya kukesha. Rula alimwona hivyo, na akajiogopa, kwa sababu alikuwa anasikia kitu kile kile ndani yake.

Afande alikuwa kwenye kochi, bado amevaa nguo za kukimbilia, na vumbi limemganda magotini. Simu ilikuwa juu ya meza mbele yake. Alimwambia Rula akae, naye akakaa. Alitaka kumshika mkono, akaona jinsi alivyoifumbata mikono kifuani, akaacha.

Akaanza kumsimulia, taratibu, akisimama kuvuta pumzi. Walianza wote pamoja, vijana na yeye. Alikwenda vizuri, na moyoni alikuwa anajiambia njia hii anaijua, nane hizi anazila kila jioni. Alipofika karibu na daraja alihesabu kwamba amebakiza kidogo sana, akaongeza mwendo. Ndipo mkufunzi wa vijana hao akapita na pikipiki, akapaza sauti kwamba wamefika tano. Alidhani mkufunzi anatania. Akaendelea mpaka miguu ikamkataa, akaketi chini barabarani, na gari la wagonjwa la kituo chake mwenyewe likaja kumwokota. Vijana wengine walipita pembeni yake wakiangalia upande wa pili kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma.

"Kituoni mkufunzi akaniuliza nilikuwa najifunzia wapi," alisema. "Nikaona nisionekane mzembe. Nikamfungulia ramani yako."

Akaisukuma simu mbele ya Rula.

"Nisomee bendera."

"Afande, naomba unisikilize kwanza..."

"Nisomee. Wewe ndiye mwenye ramani."

Aliichukua simu. "Ya kwanza ipo kona ya shule," alisema. "Ya pili, kituo cha mafuta."

"Ya tatu?"

"Ukuta wa kiwanda."

"Ya nne?"

"Ukuta wa kiwanda."

"Umbali gani na ya tatu?"

"Zimekaa pamoja."

"Endelea."

Hakuweza kuendelea. Akairudisha simu mezani, uso wake chini. Afande akaendelea yeye. Alisema mkufunzi alikuwa mtu wa kuchora njia pia, huwachorea vijana wake, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alivuta picha ikawa kubwa, akazihesabu bendera kwa kidole mbele ya watu, mbili hapa, mbili pale, akamuuliza mstari huu unakwenda wapi na kurudi wapi.

"Akafikiri nimejidanganya mwenyewe," Afande alisema. "Akaniambia kwa upole kwamba wagonjwa wengi hufanya hivyo. Nikamwachia afikiri hivyo. Sikukutaja."

Hilo lilimchoma Rula kuliko matusi. Akaanza kulia, na katikati ya kilio akamweleza yote ya siku ile ya ngazini: jinsi alivyorudi ameshika kuta, jinsi alivyouliza kama amefika hata moja, jinsi tabasamu lilivyomrudia. Alisema alitaka kumpa siku moja tu ya furaha, na siku ile ikaomba nyingine. Afande alimsikiliza. Mikono ilimshuka kifuani polepole. Kwa kitambo kidogo alimtazama yale matazamo ya zamani, ya kibarazani, na Rula akathubutu kutumaini.

"Siku hiyo ya kwanza naielewa," alisema. "Kwa siku hiyo nisingekulaumu." Akavuta pumzi. "Kuna mwingine aliyejua?"

Mama alikuwa amefika mlangoni, rundo la nguo mikononi. Wote wawili wakamgeukia. Rula alimtazama usoni, akamngoja.

"Mimi ramani nitaijulia wapi, baba?" mama alisema. Akaanza kulikunja upya shati ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Rula angeweza kusema. Maneno ya jikoni alikuwa nayo ulimini, pamoja na kile kiwiko kilichoshikwa. Lakini aliona mwanaume aliyebaki na kazi nusu na mapafu nusu, akaona hastahili kunyang'anywa mama pia siku hiyo hiyo. "Hakuna aliyejua," alisema. "Ni mimi."

Afande akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia jambo alilolitegemea. Akasema tena taratibu, akitazama mezani. Alimkumbusha kwamba kamanda alimpa nafasi ya kungoja. Ajaribiwe sasa, au aahirishe hadi mwisho wa mwaka, na akishindwa hakuna mara ya pili. Alimkumbusha kwamba alimuuliza yeye Rula, hapo hapo kwenye kochi, na kwamba Rula alimjibu afuate moyo wake unavyomtuma.

"Ungesema neno moja tu siku ile, ningengoja," alisema. "Ningejifunza upya, hata kwa kutambaa. Nilikuuliza na ulikuwa unajua." Akainua macho. "Rula, ulitaka nishindwe?"

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Rula alisikia kila neno lao. Jibu lilikuwa linamngoja mbele yake, jepesi, tena tayari limepikwa: kwamba aliogopa kumvunja moyo, kwamba alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Aliona macho ya Afande yanamwomba aseme hivyo. Akisema hivyo, Afande atalia kidogo, atanuna wiki nzima, kisha atamsamehe. Alimpenda kiasi cha kutaka msamaha huo hata ukiwa wa kuibiwa. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kumwangalia mtu huyu akifurahia vitu ambavyo havipo.

"Nilitaka," alisema.

Mama aliacha kukunja.

"Nilitaka ushindwe. Nilimsikia daktari kwenye korido. Alisema moshi mwingine utakuua, na nikajua ukifaulu utaingia, kwa sababu ndivyo ulivyo. Nikaona afadhali unichukie ukiwa mzima."

Afande hakupandisha sauti. Hata pumzi ya kupandishia sauti hakuwa nayo. Alikaa akimtazama, macho yakajaa maji ambayo hayakumwagika.

"Daktari aliniambia mimi kabla yenu," alisema. "Ulifikiri sikumsikia?"

"Sasa mbona..."

"Mkufunzi anastaafu mwaka huu. Niliomba nafasi yake. Kufundisha vijana uwanjani, ngazi, mipira ya maji, basi. Hakuna moshi. Ila anayefundisha lazima awe amefaulu mtihani kama wanaofundishwa. Hiyo ndiyo sheria." Akakohoa, akangoja kikohozi kimwachie. "Sikuwa na nia ya kuingia tena, Rula. Nilikuwa natoka."

Rula alisikia maneno yale na kwa muda hayakuingia. Kisha yakaingia yote kwa pamoja. Akamuuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwa nini hakumwambia.

"Niliona aibu," Afande alisema. "Nilitaka nifaulu kwanza, halafu ndiyo nikwambie naacha moto. Ujue naacha nikiwa naweza. Sikutaka uolewe na mtu aliyeshindwa." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Wamenipa meza ya kupokea simu. Watu wakiungua, wanipigie mimi, niwapigie wengine."

Rula alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele yake. Alisema atakwenda kwa kamanda, atakwenda kwa mkufunzi, atasema ni yeye, watamjaribu upya. Afande akamwambia kwamba mapafu hayajali nani alichora mstari. Alikwishajaribiwa, na alishindwa kweli. Alisema hivyo bila ukali, akiwa amemshika mabega kumwinua, na mikono yake ilikuwa na joto lile lile.

"Na sisi?" Rula aliuliza.

"Nakupenda," Afande alisema. "Hilo halijaondoka, usidhani limeondoka. Lakini nitakaa na wewe vipi? Ukiniambia chakula kimeiva, nitasimama kwenda kuangalia sufuria. Ukiniambia mtoto amelala salama, nitaamka kumgusa. Ukiniambia siku nitakayokuwa nakufa kwamba bado bado, sitajua kama ni kweli." Akamwachia mabega. "Nenda nyumbani, Rula. Watu wa harusi nitawaambia mimi."

Akasimama, akajishikiza kwenye kiti, kisha kwenye ukuta, akaingia chumbani kwake na kuurudisha mlango polepole. Kikohozi kikaanza upande wa pili. Rula alikwenda mpaka mlangoni akaweka kiganja kwenye mbao, akasimama hivyo, akisikiliza kikohozi kinapanda na kushuka. Alitamani aitwe. Hakuitwa.

Mama alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa amezeeka kwa saa moja ile, ule utulivu wa kibarazani wote umemtoka, kwa kuwa na yeye alikuwa amesikia habari ya kazi ya kufundisha. Walisimama bila kutazamana. Rula alikuwa anangoja, hata yeye hakujua anangoja nini. Pengine alidhani mama atarudi ndani na kusema lile neno la jikoni, maana mzigo ukibebwa na wawili, mama mzazi husamehewa kwanza na mwingine hufuatia.

Mama alimshika kiwiko, pale pale alipomshika mara ya kwanza.

"Ahsante kwa kutonitaja, mwanangu," alisema. "Mimi sina mwingine ila yeye. Akinikataa na mimi, atabaki na nani?"

Rula aliitikia kwa kichwa.

"Na usije kwanza," mama alisema. "Akikuona atakumbuka. Mwache apumzike."

Kikohozi kilikuwa kimekoma. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha Rula hata akasahau kila kingine alichotaka kusema.

"Anapumua vizuri?" aliuliza.

Mama akageuza sikio upande wa dirisha la mwanawe, akasikiliza kitambo kirefu. Rula naye alisikiliza, ila kutoka pale getini hakusikia kitu.

"Anapumua," mama alisema, akafunga geti.

Rula akasema ahsante, kwa mazoea tu, akashika njia ya kwao.